Hewa ya Ufipa na Vidude vya Kuongeza Nguvu za Gari

Dereva aletaye gari lake kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga hutambua mapema kwamba gari limelegea. Kilima ambacho pwani lingekipanda kwa gia ya nne sasa ladai ya tatu, na likiwa na mzigo ladai ya pili. Fundi hukagua plagi, hukagua pampu ya mafuta, wala haoni kosa. Hapo ndipo muuza vidude apatapo soko lake. Ana sumaku ya kufungwa juu ya bomba la mafuta, ana kipande cha bati chenye mapanga cha kuzungusha hewa, ana «turbo» ya umeme yenye ukubwa wa kikombe, ana kijisanduku cha kuchomekwa chini ya usukani, ana chujio la hewa la wazi lenye umbo la pia. Kila kimoja huahidi nguvu za farasi 10, pengine 15, kwa bei iliyo ndogo kuliko ya tairi moja.

Maoni yangu ni kwamba lalamiko la dereva ni la kweli kabisa, na dawa anayouziwa ni ya uongo. Yote mawili yaweza kuthibitishwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa kalamu na karatasi. Inasikitisha kuona sheria za gesi zikifundishwa kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya mtihani tu, hali mbele ya lango la shule hupita magari yanayozitii kutwa kucha.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo. James Watt, Mskoti aliyeboresha injini ya mvuke katika karne ya 18, alihitaji kuwaeleza wateja waliozoea kutumia farasi ni farasi wangapi ambao injini yake ingechukua nafasi yao. Nguvu ya farasi mmoja ni sawa na wati 746 hivi. Kipimo hiki, basi, kilizaliwa sokoni. Lakini tofauti ya Watt na muuza sumaku ni kwamba kazi ya injini ya Watt iliweza kupimwa na mnunuzi mwenyewe.

Sasa tuitazame injini. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 15 za hewa ili iungue vizuri. Kuingiza petroli zaidi ni jambo rahisi. Taabu iko katika kuingiza hewa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Pwani kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi. Sumbawanga ni karibu 82. Tukichukua joto la nyuzi 30 za Selsiasi kwa Dar es Salaam na 20 kwa Sumbawanga, sheria ya gesi hutuambia kwamba mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani ina gramu 1,160 hivi, na ya Sumbawanga ina gramu 975. Uwiano wake ni sehemu 84 katika 100. Pistoni huvuta ujazo ule ule, lakini ndani yake mna hewa pungufu. Injini ya farasi 100 imewaacha farasi 16 pwani, tena zaidi kidogo, kwa kuwa msuguano wa vyuma haukupungua. Upungufu huo wa kanieneo ndio ufanyao maji ya Sumbawanga yachemke kwenye nyuzi 94 hivi na maharage yakawie jikoni.

Kwamba moto ni hewa si habari ngeni katika nchi hii. Wafua chuma wa Kifipa walijenga matanuri marefu ya udongo, yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu, yenye matundu mengi chini. Hewa ya moto ilipanda juu na kuivuta hewa baridi iingie yenyewe kupitia matundu hayo, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichopatikana kilisafishwa baadaye katika tanuri dogo, na hilo halikuwa na kimo cha kuvuta hewa; hapo mivukuto ilitumika, na mivukuto hutaka mikono ya watu. Anayetaka hewa kuliko ile ijayo yenyewe hana budi kuilipia kwa kazi.

Tuipime «turbo» ya umeme kwa kanuni hiyo. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani karibu lita 62 kwa sekunde. Ili kuirudisha kanieneo ya pwani yatupasa kuongeza kilopaskali 19. Zidisha ujazo kwa sekunde na kanieneo hiyo: ni karibu wati 1,200, bila kuhesabu upotevu wowote. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 100. Kidude kikiwa na waya mwembamba na fyuzi ya ampea 10, hakiwezi kupokea zaidi ya wati 120, sehemu moja tu katika kumi. Dereva akanyagapo mafuta hadi mwisho, kifeni hicho si mvukuto tena. Ni kizuizi kilichosimama njiani.

Turbo ya kweli huzungushwa na moshi wa injini yenyewe, ambao hutoka na nishati nyingi. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, wenye urefu wa mita 4,300 hivi. Injini hiyo, iliyotoa farasi 350 chini, ilitoa 230 mlimani. Alipoifungia turbo ilitoa 356. Ndiyo maana lori la dizeli lenye turbo hupanda kutoka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, likiwa na unafuu kuliko lisilo nayo.

Vidude vingine havihitaji maneno mengi. Sumaku haibadilishi petroli kwa namna yoyote yenye maana, na injini nzima iliyopata moto huunguza karibu petroli yote iliyoingia, hivyo hakuna akiba kubwa ya kuokolewa humo. Mapanga ya bati huipunguzia hewa nafasi ya kupita. Vijisanduku vya bei rahisi, baadhi yake vilipofunguliwa, vilikutwa na taa za kumetameta tu. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limechunguza vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kupunguza matumizi ya mafuta, wala halikupata kimoja chenye kuleta nafuu kubwa. Sumbawanga, wenyeji hufasiri, maana yake ni kumtaka mgeni atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Sijui kwa nini sumaku hizi huruhusiwa kupita.

Juu ya chujio la wazi siwezi kufanya mzaha. Vumbi la barabara za udongo, tuseme za kushukia Bonde la Rukwa wakati wa kiangazi, lina chembe za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Chujio hafifu, au kuondoa chujio kabisa kama wafanyavyo baadhi ya vijana wa bodaboda, huzikaribisha chembe hizo ndani zikwangue ringi na silinda. Mwenye chombo amenunua kelele za kuvuta hewa, akaziita nguvu, na baada ya miezi injini hula oili. Pesa iliyopotea ni ya ada ya mtoto au ya mbolea.

Lakini mbona wenye vidude huapa kwamba gari limechangamka? Mara nyingi fundi hubadili plagi siku ile ile. Mara nyingine asubuhi ilikuwa ya baridi, na hewa iliyopoa kwa nyuzi 10 huwa nzito kwa sehemu 3 katika 100. Zaidi ya yote, aliyelipa hukanyaga mafuta kwa matumaini.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa fizikia wafanye jaribio. Chagueni mlima mpole wa lami usio na watu, nje ya mji, na dereva mzoefu. Gari la kilo 1,200 likipandishwa kimo cha mita 50 kwa sekunde 40, nguvu ya kuinua peke yake ni wati 15,000, yaani farasi 20. Pandisheni mara 16, kwa gia ile ile na kutoka mwendo ule ule, nane kidude kikiwapo na nane kikiwa kimetolewa, kwa mpangilio wa kurusha sarafu. Dereva na mshika saa wasiambiwe ni zamu ipi. Kama farasi 10 walioahidiwa wamo kweli, muda utapungua kwa sekunde kadhaa, pengo ambalo saa ya mkononi hulionyesha bila shida.