Miwani, Lelemama na Moyo Mzito

Vijana wetu wameleta mchezo mpya. Mtu huvaa miwani mikubwa ya kufunika macho kabisa, akashika vipini viwili mikononi, na mbele yake hufunguka ulimwengu usiokuwapo. Vibumba vya rangi humjia kwa mapigo ya muziki, naye huvikata kwa panga za mwanga, akiinama na kukwepa hata jasho likamtoka. Mchezo huo, Beat Saber, ulitoka kamili mwaka 2019, na mzee yeyote wa Lamu akiutazama atakumbuka kirumbizi, ila fimbo hakuna wala mpinzani. Wataalamu wa lugha wameuita ulimwengu huo uhalisia pepe. Pepe, kwetu, ni punje ya mpunga isiyo na kiini. Lakini jasho lile, ndugu msomaji, si pepe.

Wako wanaosema kwamba mchezo huu waondoa unyonge wa moyo, ambao siku hizi huitwa sonono, na wako wanaocheka. Mimi sicheki. Mwaka 2024 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 218 ya watu zaidi ya 14,000 wenye sonono. Ilionekana kwamba kutembea, kukimbia, yoga na kunyanyua vitu vizito huipunguza. Na kucheza ngoma kukatokea kuwa na nguvu kubwa, ijapokuwa majaribio yake yalikuwa machache. Majaribio ya miwani ni madogo na ya muda mfupi, lakini dawa iliyomo naona ni ile ile: mwili kutikisika kwa furaha. Sisi tuliosoma chuoni twaijua dua ya Mtume ya kujikinga na huzuni. Huzuni huiweka pamoja na uvivu, tena na mzigo wa deni.

Sasa tutazame Mwembe Tayari. Hamali wa mkokoteni hutembea kutwa, na jioni moyo wake bado mzito, maana kazi ya kumchosha mtu si mchezo. Kijana wa kiume ana kibanda cha PlayStation, ingawa humo hukaa kitako; ana uwanja wa Tononoka, ana bahari ya Mama Ngina. Dada yake je? Yumo katika chumba kimoja ghorofani, chini ni tuktuk na mikokoteni. Akitoka kukimbia barabarani, macho na maneno yatamfuata hadi Sabasaba.

Zamani haikuwa hivyo. Karne iliyopita wanawake wa mji huu walikuwa na vyama vyao vya lelemama, wakishindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa madaha. Margaret Strobel ameeleza habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa. Walilaumiwa kwa israfu, na pengine lawama ilikuwa na haki yake. Lakini aliyeachwa na mumewe, au aliyechoshwa na jikoni, alikuwa na pahali pa kwenda kucheza na wenziwe. Vyama vile vikafifia, nasi hatukuweka kitu mahali pake.

Miwani yampa msichana faragha, na hilo si dogo. Ila aina ya bei nafuu ilipotoka mwaka 2024 iliuzwa Marekani kwa dola 299, yaani zaidi ya shilingi 38,000 kabla ya ushuru. Na akiivua, chumba ni kile kile, wala hana aliyecheza naye.

Basi kaunti inunue jozi mbili tatu, iziweke katika ukumbi, alasiri moja kwa juma, wanawake peke yao. Mwenye haya aanzie pembeni na miwani yake. Sakafu iliyobaki iwe ya chakacha na lelemama. Mwenye kifafa asivae kabla ya kumuuliza daktari. Na yule ambaye huzuni imemnyima usingizi na chakula kwa majuma apelekwe hospitali kwanza, bila kufichwa. Hata Mahakama Kuu, Januari 2025, ilisema kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Nitaambiwa kumbi ni za harusi na mikutano. Harusi zetu aghalabu ni za mwisho wa juma. Jumanne alasiri yatosha, na ufunguo apewe mwanamke.