Motokaa Kuukuu na Chumvi ya Pwani

Mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliye na motokaa kuukuu ya Peugeot 404 au 504 ana haki ya kujivuna. Gari la 404 lilishinda mashindano ya Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. La 504 likashinda mwaka wa 1975 na 1978. Lakini chuma kilichoyashinda mawe na matope ya bara hushindwa na upepo wa bahari.

Wengi huanza matengenezo kwa rangi, kwa kuwa rangi huonekana na majirani. Huko ni kuvika donda kanzu nyeupe. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu ukikaa juu ya chuma huzaa kutu hata siku za jua. Kutu huanzia mafichoni: chini ya mazulia, ndani ya milango na katika paipu za breki. Paipu iliyoliwa huweza kupasuka breki ikikanyagwa kwa nguvu, na mteremko wa kivuko cha Likoni haumpi dereva nafasi ya pili.

Basi breki zikaguliwe kwanza. Pili, kutu ikwanguliwe mpaka chuma kitupu, kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Tatu, matundu ya kutolea maji milangoni yazibuliwe. Chini ya gari paoshwe kwa maji ya mvua, si ya kisima chenye chumvi. Rangi ya kupendeza na ije mwisho. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.