Wakipatikana viumbe wenye akili angani, Ukristo utayumba?

Aprili 2025, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitangaza kuona dalili za gesi fulani kwenye sayari ya K2-18b, iliyo mbali kiasi kwamba nuru yake huchukua miaka 124 kutufikia. Hapa duniani gesi hiyo hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Wenzao wengine waliipinga tafsiri hiyo, na uhai nje ya dunia bado haujathibitishwa. Hata hivyo swali la zamani limezuka upya: siku wakipatikana viumbe wenye akili kama sisi, Mkristo atabaki na imani gani?

Wapo wanaodhani makanisa yatabaki matupu. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1277, Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani kauli kwamba Mungu hawezi kuumba zaidi ya ulimwengu mmoja. Mwaka 2008, Padri José Gabriel Funes, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Vatican cha kuchunguza nyota, alisema kuamini kuwepo kwa viumbe hao hakupingani na imani. Na mwaka 2014, Papa Francis alitoa mfano wa mgeni kutoka Mars anayeomba ubatizo, akahoji sisi ni nani hata tumfungie mlango.

Kwa hiyo Muumba hana tatizo. Fundo liko kwa Mwokozi. Mkristo anaamini Mungu alitwaa mwili wa binadamu na kufa mara moja, hapa duniani. Je, kiumbe asiye mzawa wa Adamu ana dhambi ya Adamu? Kifo kile kinamhusu? Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alikubali kwamba Mungu angeweza kutwaa mwili zaidi ya mara moja. Wengine wanashikilia kuwa mara moja ile inatosha viumbe wote. Mjadala haujaisha.

Kwa jirani yake Mwislamu, ambaye kila siku katika Al-Fatiha humtaja Mola wa walimwengu wote, fundo hilo halipo. Yeye ataulizia zaidi kama viumbe hao nao waliletewa mitume.

Hayo ni ya wasomi. Hofu yangu iko hapa kwetu Pwani. Tangu Aprili 2023, zaidi ya miili 400 imefukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Kwa mujibu wa wachunguzi, ni ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Habari nzito kama hiyo ya angani ikiingia kwenye simu zetu, hatakosekana mtu wa kusema ndiyo kiama: uza shamba, watoe watoto shuleni, nifuate. Muumini mwenye hofu hatangoja maelezo kutoka Roma. Atamsikiliza atakayesema kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maaskofu, wachungaji na makatekista walizungumze jambo hili sasa, kukiwa shwari, katika mafundisho ya kipaimara na mikutano ya vijana. Maimamu nao wafanye vivyo hivyo kwenye darasa zao. Imani iliyozoea kuulizwa maswali haitikiswi na habari mpya. Iliyokatazwa kuuliza ndiyo inayopelekwa msituni.