Muziki wa Bure Katika Simu: Nani Alipaye?



Neno "bure" lina utamu wake, hasa katika nyumba ambamo mshahara huingia ukiwa umekwisha kuhesabiwa hadi shilingi ya mwisho. Si ajabu basi kwamba vijana wetu, na wazee wao pia ingawa hawapendi kukiri, hutumia saa nyingi wakitafuta mtandaoni njia za kusikiliza muziki pasipo kulipa. Njia hizo zipo, na nyingi miongoni mwake ni za halali kabisa. Lakini kila wimbo usikikao bila malipo umelipiwa na mtu fulani, mahali fulani. Yawezekana amelipa mfanyabiashara atangazaye sabuni yake, au maktaba ya umma, au mwanamuziki mwenyewe kwa kunyimwa haki yake. Na mara nyingi mlipaji ni wewe, bila ya kufahamu.

Na tuanze na wewe. Wimbo ukipita hewani kuja katika simu yako hutumia bando, na bando hununuliwa. Sauti ya ubora wa kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 58 kwa saa moja. Familia inayosikiliza saa mbili kila jioni itakuwa imetumia karibu gigabaiti tatu na nusu ifikapo mwisho wa mwezi. Ukichagua ubora wa juu wa kilobiti 320, saa moja tu hula megabaiti 144. Ukishuka hadi kilobiti 24, ambacho baadhi ya programu hukiita kiwango cha chini, saa nzima haizidi megabaiti 11, na kwa spika ndogo ya simu sikio la kawaida halilalamiki sana. Chaguo hilo limo katika mipangilio ya programu, nalo aghalabu halijaguswa tangu siku simu iliponunuliwa.

Picha ndiyo mla mkuu. Video ya ubora wa kati yaweza kutumia mara tano ya sauti peke yake, au zaidi. Kwa hiyo mama anayeweka taarab katika YouTube, kisha akailaza simu kifudifudi mezani ili aendelee kukata mchicha, analipia picha asizozitazama. Kama hana njia nyingine, yafaa ashushe ubora wa picha hadi 144, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa. Waimbaji watakuwa na ukungu, lakini sauti itafika.

Tena iko njia isiyotumia bando hata kidogo, nayo tumeisahau kwa sababu ni ya zamani. Simu nyingi, hasa zile za bei nafuu, zina redio ya FM ndani yake. Huhitaji mtandao, huhitaji ila waya wa spika za masikioni, maana waya huo ndio unaofanya kazi ya antena. Watoto huona haya kuitumia. Waache waone haya, bando litabaki.

Wenye ndugu walio ng'ambo wanaotamani kusikia idhaa za nyumbani wanaweza kuwaelekeza kwenye Radio Garden, iliyofunguliwa Uholanzi mwaka 2016. Humo mtu huzungusha tufe la dunia kwa kidole, akagusa mji, na redio za mji huo zikaanza kulia. Walioko Uingereza wana kikwazo, kwani tangu mwaka 2022 huduma hiyo ililazimika kuwafungia idhaa za nje kwa sababu ya mashauri ya hakimiliki.

Mlipaji wa pili ni mtangazaji wa biashara. Boomplay, iliyoanzia Nigeria mwaka 2015, na Spotify, iliyofika Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao mwaka 2021, hukuruhusu kusikiliza bila ada ilimradi ukubali kukatizwa na matangazo. Usiyachukie matangazo hayo kupita kiasi. Kwa kuyavumilia unampa mwenye wimbo sehemu ya fedha za tangazo, ingawa ni kidogo mno kwa kila mara moja. Mwimbaji mmoja atahitaji wasikilizaji maelfu kwa maelfu kabla hajapata kilo ya nyama.

Wa tatu ni maktaba, na hapa ndipo msomaji mwenye subira atakapookota lulu. Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua mwaka 2011 mkusanyiko wa sahani za kale zaidi ya elfu kumi, ambazo mtu yeyote mwenye mtandao aweza kuzisikiliza. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2018 iliamua kwamba rekodi zote zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 ziwe mali ya umma kuanzia Januari 1, 2022. Karibu na kwetu zaidi, mradi wa Singing Wells, unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na wenzao wa London, umekuwa ukizunguka vijijini katika Afrika Mashariki tangu mwaka 2011, ukirekodi wapiga zeze, marimba na ngoma mahali walipo, na kuziweka video zao wazi. Mtoto aliyezaliwa mjini ambaye hajapata kuona nyatiti ikipigwa anaweza kuiona humo.

Hapa sina budi kueleza jambo linalowachanganya wengi. Wimbo una haki mbili: haki ya mtunzi na haki ya aliyeirekodi sauti. Bach alifariki mwaka 1750, na tungo zake hazina mwenyewe tena. Lakini okestra iliyozipiga na kuzirekodi juzi inayo haki juu ya rekodi hiyo. Kwa hiyo usemi wa "huo ni wimbo wa zamani" haukuhalalishii kila kitu.

Na usemi huo ndio unaowaumiza wanamuziki wetu wa dansi. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo mlango mkuu wa bendi zetu kuingia katika masikio ya taifa. Bendi ziliingia, zikapiga nyimbo zao, zikatoka na malipo madogo, na kanda zikabaki redioni. Waliotaka kutoa sahani walivuka mpaka kwenda Nairobi. Hadi redio za watu binafsi zilipoanza mwaka 1994, nchi nzima ilikwisha kuzoea kwamba wimbo ni kitu kinachotoka hewani, mfano wa mvua. Leo kanda zile zilizorekodiwa majumbani kutoka redioni zimepandishwa katika YouTube na wapenzi wa muziki, wengine kwa nia njema kabisa. Tunawashukuru, kwani bila wao nyimbo nyingi tusingezisikia tena. Lakini tuulize pia: fedha ya tangazo linalotangulia wimbo ule yaenda kwa nani?

Jibu lake si gumu. Mwaka 2007 YouTube ilianzisha mtambo wa kutambua nyimbo, ambao huupelekea mgawo mkono uliosajili wimbo. Ambaye hakusajili, mtambo haumjui. Marehemu aliyeacha gitaa na watoto wanne hakusajili kitu. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ambayo chini yake COSOTA iliundwa, huilinda kazi ya mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa. Kwa hesabu ya sheria hiyo, tungo zake hazitakuwa za umma kabla ya kumalizika mwaka 2029. Hadi siku hiyo zina wenyewe.

Sisemi kwamba usisikilize. Nasema kwamba wimbo ukipatikana mahali pawili, chagua penye jina la bendi yenyewe, au la familia, au la kampuni iliyotaja wanamuziki na mwaka wa kurekodiwa. Hakuongezei gharama hata senti moja. Na kama katika nyumba yako yumo mrithi wa mwanamuziki, basi mpeleke COSOTA akaulize namna ya kusajili kazi za mzee wake, na asisahau vyeti vya mirathi.

Kuna mlango mmoja ninaokusihi uufunge: zile tovuti zinazochopoa wimbo kutoka YouTube na kuugeuza faili, pamoja na programu zilizochezewa ili zitoe bure kile ambacho wenyewe hukiuza. Humo msanii hapati kitu, na mara nyingi kitufe cha "pakua" si cha kupakua bali ni chambo. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye fedha za ada ya shule na namba za siri za familia. Programu itakayoomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi ili ikupigie rumba haitaki rumba.

Mwisho, ushauri kwa wanaotafuta nyimbo za zamani na kurudi mikono mitupu. Bendi zetu zilibadili majina kila wamiliki walipobadilika, na waandikao mtandaoni hufuata jina walilolikuta. Bendi iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz baadaye ilikuwa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma. Yatafute yote manne. Mlimani Park wengine huiandika Sikinde. Jaribu pia tahajia tofauti, Marijani Rajab na Rajabu, Mwinshehe na Mwinyshehe, na usichoke ukurasa wa kwanza unapokuletea nyimbo za vijana wa leo tu.