Mpya au Mtumba? Tuulize Kwanza Nani Anabeba Hasara

Hivi karibuni mwanafunzi wangu mmoja alisimama Ipogolo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, akingoja basi kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na kompyuta mpakato ya mtumba aliyoiagiza Kariakoo na kuilipia kwa simu, bumu lilipoingia. Aliifungua palepale. Iliwaka, kisha ikadai nywila ya kampuni ya ng'ambo asiyoijua. Muuzaji hakupokea simu tena.

Wenzangu kazini walisema rahisi ni ghali, angenunua mpya. Siafiki. Kompyuta mpya ya daraja la juu haifikiki kwa anayeishi kwa mkopo wa Bodi. Mpya anayoimudu mara nyingi ina prosesa dhaifu na kumbukumbu ya GB 4 isiyoongezeka; mwaka wa tatu, wakati wa tasnifu, itakuwa imeshachoka. Kinyume chake, ThinkPad, Latitude au EliteBook za mtumba zilitengenezwa kwa matumizi ya ofisi. Kampuni za Ulaya na Marekani huziondoa baada ya miaka michache, mara nyingi zikiwa nzima, kwa sababu mkataba au dhamana imekwisha. Kwa kazi ya chuo, mtumba mzuri huushinda upya dhaifu.

Hata hivyo, mtumba una umri. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida huhitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Ndiyo maana za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa kwa bei ya kutupa. Betri nayo hupimika: amri ya powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wake wa kiwandani na uliosalia. Kwa MacBook, hakikisha mmiliki wa awali ameondoa akaunti yake.

Lakini ukaguzi wote huo unahitaji kompyuta iwe mikononi mwako kabla fedha hazijatoka. Anayenunua akiwa Iringa hulipa kwanza, huona baadaye. Punguzo la bei ya mtumba, kwa hakika, ni ujira anaolipwa mnunuzi ili abebe hasara ambayo kwa kompyuta mpya ingebebwa na dhamana. Mtumishi wa umma anayenunua kwa makato ya mshahara yumo katika mtego uleule.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo. Haki hiyo hufa pasipo ushahidi. Basi tudai risiti yenye jina la modeli, namba ya kompyuta na siku za majaribio. Muuzaji akikataa, tumwache na mali yake. Serikali za wanafunzi za Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa zinaweza kuagiza kwa pamoja, kukagua kwanza na kulipa baadaye. Wanunuzi hamsini wana sauti ambayo kijana mmoja aliyesimama Ipogolo na kifurushi mkononi hana.

Ukinipa laki kadhaa leo, nitanunua mtumba. Sitalipa kabla ya kuuwasha.