NANI ATANUNUA FYUZI?



Mtu akipita usiku katika laini za wafanyakazi, iwe ni mashamba ya majani chai huko Kericho, au ya maua huko Naivasha, au vijumba vya walinzi kando ya mji, ataona taa nyeupe mahali ambapo zamani palikuwa na koroboi tu. Nyingi za taa hizo hazikuletwa na mwajiri. Zimeletwa na mfanyakazi mwenyewe, kwa mshahara wake mwenyewe: paneli moja juu ya bati, betri ya gari chini ya kitanda, na waya mbili zinazopita katikati ya nguo. Jambo hili twalisifu. Mtoto asomaye kwa taa hiyo havuti moshi wa mafuta ya taa, na mama yake hatembei mwendo mrefu kwenda kulipa ili simu ichajiwe.

Lakini tumeingia katika vyumba hivyo, na tumeona mambo ambayo hayawezi kupita bila kusemwa. Tumeona msumari umewekwa mahali pa fyuzi. Tumeona waya nyembamba ya spika ikibebeshwa mzigo wa inveta. Tumeona betri ya lori ikichajiwa ndani ya chumba wanamolala watu watano, na dirisha limezibwa kwa gunia kwa sababu ya baridi. Tulipouliza, tulijibiwa neno moja kila mahali: "Hii ni volti 12 tu, haishiki mtu."

Neno hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ichomayo nyumba. Ni kweli kwamba volti 12 haziwezi kumrusha mtu mwenye ngozi kavu. Lakini betri haiui kwa kushika, yaua kwa kuchoma. Volti ni msukumo tu. Ampea ni wingi wa stima inayopita, na betri ya gari imetengenezwa kwa kazi ya kutoa ampea nyingi kwa mara moja ili kuamsha injini. Spana ikianguka juu ya vichwa viwili vya betri, mamia ya ampea hupita ndani yake, na kwa betri kubwa hata zaidi ya 1,000. Spana huwa nyekundu na kushikamana pale pale. Pete ya ndoa ikiwa mahali pa spana, kidole huchomeka mpaka mfupa kabla mwenyewe hajaweza kuvuta mkono. Kwa hiyo pete na saa ya chuma hutolewa mkononi kabla ya kugusa betri, na spana hufungwa mpira au tepu kwenye mpini.

Sasa fikirini waya. Panya ametafuna mpira wake, au mguu wa kitanda umeikanyaga, na waya mbili zimegusana. Stima ya kampuni ingekatika kwenye mita. Betri haina mita, wala haina mtu wa kuikata. Itatoa nguvu zake zote mpaka waya iwe kama kaa la moto kutoka mwanzo hadi mwisho, na waya hiyo imepita juu ya godoro. Kitu kimoja tu chaweza kusimama katikati, nacho ni fyuzi. Kwa mzigo wa taa na simu, fyuzi na kikombe chake haizidi bei ya chakula cha mchana cha kibandani.

Wengi hukosea mahali pa kuiweka. Huiweka karibu na taa, au karibu na redio, wakidhani yalinda redio. Fyuzi hailindi redio, yalinda waya. Kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi kabisa. Kwa hiyo fyuzi yapasa kukaa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri, isizidi shibiri moja. Na kila waya inayotoka kwenye kichwa hicho, hata ile iendayo kwenye kontrola, iwe na fyuzi yake.

Ukubwa wa fyuzi si jambo la kubahatisha, na hesabu yake ni ya darasa la nne. Chukua wati, gawanya kwa volti, wapata ampea. Taa chache, redio na simu mbili, tuseme wati 60, ukigawanya kwa 12 ni ampea 5. Hapo fyuzi ya ampea 10 na waya ya 2.5 yatosha vizuri. Lakini yule ndugu aliyenunua inveta ya wati 1,000 ili apige pasi na kuonyesha mpira kwa majirani, hesabu yake ni nyingine. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83, na kwa kuwa inveta hupoteza kidogo, ni karibu 100. Mzigo huo wataka waya mnene kama kidole, mfupi, uliobanwa sawasawa kwa bolti, na fyuzi kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Fyuzi hiyo si ya bei ya kibandani, hatutaki kudanganya mtu. Lakini asiyeweza kuinunua hajaweza kuwa na inveta ya wati 1,000; na afadhali awe na taa nne salama kuliko pasi moja inayounguza laini nzima. Twajua kwamba maneno haya hayatapendeza msimu wa mpira.

Sola ndogo zile za kulipia kidogo kidogo kwa simu hazitutii wasiwasi sana, maana ni ndogo na zimefungwa kiwandani. Hatari huanza mtu anapoona hazitoshi, akaongeza betri ya lori na inveta ya mitumba.

Kuna jambo la hewa. Betri ya maji inapokaribia kujaa, na kontrola ikaendelea kuisukuma kwenye volti 14 na zaidi kidogo, maji yaliyomo hugawanyika kuwa hewa mbili, hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni haina rangi wala harufu. Ni nyepesi, hupanda na kukaa chini ya bati, na ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuiwasha. Cheche hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye koleo la waya linaposhikizwa au kuvutwa kwenye kichwa cha betri, yaani uso wa mtu ukiwa juu yake. Betri hupasuka, na asidi humwagika machoni. Betri isikae chumba cha kulala. Iwekwe nje, ndani ya sanduku lenye matundu juu na chini na kifuniko cha kuzuia mvua, mbali na jiko na mbali na watoto. Anayeogopa wezi, na twajua hofu hiyo si ya bure, alifunge sanduku kwa mnyororo na kufuli. Hilo ni rahisi kuliko kuzika mtu. Asidi ikiingia jichoni, ni maji safi mengi, mfululizo, robo saa nzima, kisha hospitali. Si maziwa, si mafuta.

Paneli nazo zina tabia yake. Haizimiki mchana. Jua likiwaka ina stima, hata kama umekata kila kitu chini. Paneli moja ndogo yatoa kama volti 21, lakini nne kubwa zilizofuatana mstari mmoja zaweza kukaribia 200, na hizo zaua mtu sawasawa na stima ya kampuni. Tena swichi ya kawaida ya ukutani haifai hapo. Stima ya kampuni hujizima na kujiwasha mara 100 kila sekunde, na cheche ndani ya swichi hufa yenyewe. Stima ya jua haijizimi hata mara moja, na cheche yake huendelea kuwaka ndani ya swichi mpaka plastiki iyeyuke. Itafutwe swichi iliyoandikwa DC, pamoja na volti zake. Na kabla ya kushika waya za juu, paneli zifunikwe kwa blanketi zito.

Hapa twataka kusema na wale ambao wana sola na pia wana stima ya kampuni. Kuna waya ambayo mafundi wa vichochoroni huitengeneza, yenye plagi pande zote mbili. Stima ikipotea, mwenye nyumba huchomeka upande mmoja kwenye inveta na upande mwingine kwenye soketi ya ukuta, na nyumba nzima huwaka. Ndugu zetu, waya hiyo ni bunduki. Stima haisimami kwenye mita. Hutoka nje kwa waya ile ile iliyoiingiza, hufika kwenye transfoma, na transfoma haijui kwamba imegeuzwa. Ile iliyopunguza volti 11,000 kuwa 240 yaweza kuipandisha 240 kuwa 11,000 tena. Na juu ya mlingoti, saa hiyo hiyo, yuko mfanyakazi wa laini aliyetumwa kurudisha stima yako. Wapo wasemao kwamba inveta itazimika yenyewe kwa kuelemewa na mzigo wa majirani. Pengine. Lakini maisha ya mfanyakazi mwenzetu hayawezi kutegemea pengine. Atakaye kutumia vyote viwili na anunue swichi ya kugeuza, ile isiyoweza kushika pande mbili kwa pamoja, nayo ifungwe na fundi mwenye leseni.

Juu ya betri za lithiamu tutasema machache tu. Vijana wanafungua betri za kompyuta zilizokufa na kuunganisha vidonge vyake. Kidonge cha namna hiyo hakitakiwi kupita volti 4.2, na kimoja kikizidi huweza kuwasha jirani zake wote, tena kwa moshi wenye sumu. Bila saketi ya kulinda kila kidonge, kazi hiyo iachwe. Betri yoyote inayofura au kutoa moshi, watu watoke nje kwanza; vyombo baadaye.

Betri iliyokufa pia isipasuliwe nyuma ya nyumba ili risasi yake iyeyushwe. Sisi Kenya tumekwisha kulipa kwa kujifunza jambo hili. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuu kuu kiliwapa sumu ya risasi wafanyakazi wake na watoto wa majirani mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Bibi Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na ambaye mtoto wake aliugua, aliongoza wenyeji kudai haki, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Shauri likavutwa huku na huku, hata Mahakama ya Juu ilipourudisha uamuzi huo mwezi wa Desemba 2024.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Mwajiri husema, "Mimi sikuwaambia wafunge betri." Ni kweli hakusema. Aliwapa chumba chenye giza, akaenda zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa kwa gharama ya mwajiri, au amlipe posho ya nyumba ya kutosha. Nyumba ambayo mtu hawezi kuwasha taa ndani yake bila kuhatarisha watoto wake, je, ni nyumba inayofaa? Sisi twasema hapana. Twadai mwajiri alete fundi mwenye leseni, akague kila chumba katika laini, aweke fyuzi na masanduku ya betri, na gharama isikatwe kwenye mshahara. Tangu Kanuni za Sola za mwaka 2012, kazi hiyo yatakiwa ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo siku hizi hutolewa na EPRA. Mafundi wapo. Tangu katikati ya miaka ya 1980, Bwana Harold Burris na Bwana Mark Hankins walipowafundisha vijana wa Meru kazi hii, nchi yetu haijakosa mikono.

Kuna madai ya pili. Nyapara wamezoea kumtuma mlinzi au mtu wa bustani apande juu ya bati kuosha paneli au "kuangalia waya". Mlinzi si fundi wa paa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi njia ya kumwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa, naye hawezi kulazimishwa kurudi mahali hapo mpaka hatari iondolewe. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo yataka kuwe na kamati ya usalama. Matawi yasiyo na kamati na yaandike barua mwezi huu, na nakala iletwe kwetu.

Lakini mwajiri hujibu polepole, na betri haimngoji. Fyuzi ndogo ya taa na inunuliwe sasa, risiti iwekwe, na chama kitaidai fedha hiyo pamoja na mengine. Wajumbe wa kazini watapita chumba kwa chumba wakiandika: nambari ya chumba, betri ni ngapi, zimekaa wapi, na kama zina fyuzi au msumari. Hakuna atakayetajwa kwa jina wala kukemewa. Asiyejua kuandika na amweleze mjumbe kwa mdomo, na karatasi zote zifike ofisini kabla ya mkutano wa tawi.