MSEMAJI WA CHAMA NAYE AWE NA CHETI



Iko kazi moja ambayo wengi wetu twaidharau, nayo ni kazi ya uhusiano mwema. Kampuni kubwa ya maua huko Naivasha huwa na afisa wa kazi hiyo. Huyaandikia magazeti, hujibu redio, na huwatuliza wanunuzi wa Ulaya kwamba shambani mambo ni shwari. Mtu huyo ameisomea kazi yake. Sisi humpeleka katibu wa tawi aliyetoka zamu sasa hivi, buti zina matope, wala hajui ataulizwa nini.

Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 yataka notisi ya siku 7 kabla ya mgomo. Siku hizo si za kungoja tu. Ndizo siku ambazo mwenye duka wa Nakuru na dereva wa matatu wa Gilgil huamua moyoni kama twadai haki au tu wakorofi. Tajiri akiwahi kusema, sisi hubaki kukanusha.

Hila hii ni ya zamani. Mwaka 1914, huko Ludlow katika Marekani, askari walishambulia kambi ya wachimba makaa waliogoma, wakafa watu wapatao 20, wengi wao watoto na wanawake. Rockefeller, tajiri wa machimbo, akamwajiri Ivy Lee amwandikie habari. Lee akachapa kwamba wakubwa wa chama walipokea fedha nyingi kwa majuma 9, kumbe ni mshahara wa mwaka mzima! Na huyo ndiye aliyeyaahidi magazeti mwaka 1906 kwamba atatoa habari za kweli tupu.

Ndiyo sababu wenye kazi hiyo wenyewe waliona haja ya kanuni na mitihani. Chama chao cha Marekani kilianza kutoa hati mwaka 1964: mtu hujieleza mbele ya wakaguzi, hufanya mtihani, na kila miaka 3 huonyesha kwamba angali anajifunza. Hapa Kenya kiko chama chao kilichoanzishwa mwaka 1971, kiitwacho kwa kifupi PRSK, nacho kina kanuni za mwenendo. Cheti hakimfanyi mwongo kuwa mkweli, twajua. Lakini mwenye cheti aweza kushtakiwa kwa wenzake.

Basi twasema chama kimlipie mwenzetu mmoja asomee kazi hii mpaka atambuliwe. Tom Mboya alikwenda kusoma Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955, na hakuna aliyesema fedha zile zilipotea. Wetu hana haja ya kwenda ng'ambo. Vyuo vipo hapa hapa.

Wapo wasemao kwamba ada zetu si za kumsomeshea mtu mdomo. Wengine waogopa kwamba akihitimu atanunuliwa na tajiri. Hofu hii ya pili ina maana, na dawa yake ni mkataba: akihama kabla ya miaka 5, arudishe karo yote.

Matawi ya Naivasha, Gilgil, Njoro na Molo yalete majina kabla ya mkutano mkuu, na kila jina liandikwe pamoja na miaka aliyofanya kazi shambani. Makarani wa ofisi ya chama wasijipendekeze.